Kusakinisha CiviCRM kwenye seva ya Debian kwa ajili ya daftari la wanachama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya makatibu, wahazini na mafundi wa vyama ambavyo majina ya wanachama wao yametawanyika kwenye mafaili ya Excel yanayozunguka katika WhatsApp, kila moja likiwa na toleo lake la ukweli. Mfano unaotumika tangu mwanzo hadi mwisho ni CiviCRM ikiendeshwa ndani ya WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti), kwenye seva yenye Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Usakinishaji wenyewe ni kazi ya siku moja kwa mtu anayeifahamu mistari ya amri. Kinachokitaabisha chama ni miaka inayofuata, na ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya inahusu namna ya kuusakinisha mfumo ambao chama kitaweza kuubeba hata aliyeusakinisha akiondoka.

CiviCRM ni nini, na kwa nini uchaguliwe mfumo huu?

CiviCRM ni programu ya chanzo huria inayotunza kumbukumbu za watu na uhusiano wao na taasisi: uanachama, ada, michango, mikutano na mawasiliano. Imeandikwa kwa lugha ya PHP, hutunza data zake katika MySQL au MariaDB, na hutolewa chini ya leseni ya AGPL toleo la 3, kwa hiyo chama hakilipi ada ya leseni hata kiwe na wanachama wangapi. Wikimedia Foundation na Free Software Foundation ni miongoni mwa taasisi zinazoitumia. Inaweza kuendeshwa ndani ya WordPress, Drupal, Joomla au Backdrop, na sasa ipo pia namna ya kuiendesha peke yake bila mfumo mwingine wa tovuti. Hapa imechaguliwa WordPress kwa sababu ni rahisi kumpata mtu anayeijua, na upatikanaji wa watu ni kigezo kizito kuliko uzuri wa teknolojia.

Kwa chama kidogo chenye wanachama mia moja au mia mbili na mahitaji ya orodha tu, CiviCRM ni mzigo mkubwa kupita kiasi. Admidio, iliyoanzia Ujerumani, na Galette, iliyoanzia Ufaransa, ni nyepesi zaidi na zinafaa kuangaliwa kwanza.

Je, mfumo huu unafaa kwa SACCOS au VICOBA?

Haufai kwa akiba na mikopo. CiviCRM inajua nani amelipa ada na uanachama wake unaisha lini, lakini haikutengenezwa kukokotoa riba, kugawa hisa wala kufuatilia marejesho. Vyama vya akiba na mikopo vina sheria zake, kwa mfano Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 nchini Tanzania, na wasimamizi wanaodai taarifa za aina maalumu. Vinahitaji programu iliyoundwa kwa kazi hiyo. Chama cha kitaaluma, klabu ya michezo, umoja wa wahitimu, asasi ya kiraia au jumuiya ya watu walio ughaibuni ndivyo vinavyolengwa hapa.

Seva iwekwe ofisini au ikodiwe?

Ikodiwe, isipokuwa chama tayari kina chumba cha mitambo na fundi wa kudumu. Kompyuta iliyowekwa kwenye kona ya ofisi inakabiliwa na kukatika kwa umeme, na betri ya UPS huokoa dakika chache tu. Zaidi ya hapo, watoa huduma wengi wa intaneti huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya pamoja, jambo linalofanya seva ya ofisini isifikike kutoka nje bila mpango maalumu. Seva ya kukodi yenye kumbukumbu ya muda (RAM) ya GB 2 na diski ya GB 40 inatosha kwa chama chenye wanachama elfu kadhaa. GB 1 inaweza kuanza kazi, lakini huchoka mara tu MariaDB, PHP na uingizaji wa orodha ndefu vinapokutana kwa wakati mmoja.

Jambo ambalo husahaulika ni jina la mkodishaji. Akaunti ya seva na jina la kikoa (anwani ya tovuti) visajiliwe kwa jina la chama na barua pepe ya ofisi, na ankara zilipwe na mhazini. Kikoa kilichosajiliwa kwa jina la kijana aliyejitolea ni kikoa ambacho chama kitakipoteza siku kijana huyo atakapopata kazi mji mwingine na kubadili namba ya simu.

Je, ni lazima iwe Debian?

Si lazima. Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, imechukuliwa kwa sababu inakuja na PHP 8.2 na MariaDB 10.11, mchanganyiko ambao CiviCRM inauendesha bila matatizo. Debian 13 ya Agosti 2025 inaleta PHP 8.4, kwa hiyo kabla ya kuitumia hakikisha kwamba toleo la CiviCRM unalolichukua, pamoja na viendelezi vyote unavyovihitaji, vinaikubali PHP hiyo. Ubuntu ni ndugu wa karibu na amri zake ni zilezile.

Kwenye FreeBSD kazi inawezekana pia, ila tovuti hukaa chini ya `/usr/local/www`, mipangilio hukaa chini ya `/usr/local/etc`, na mtumiaji wa seva ya wavuti huitwa `www` badala ya `www-data`. Kwenye familia ya Red Hat, kama vile AlmaLinux na Rocky Linux, kikwazo cha kawaida ni SELinux, kinga ya ziada ya mfumo endeshi: ruhusa za faili zinaonekana sawasawa lakini programu inakataliwa kuandika. Dawa yake ni kuzipa folda za kuandikwa lebo ya `httpd_sys_rw_content_t`, na kuwasha `httpd_can_network_connect` ili barua pepe ziweze kutoka. Kuizima SELinux kabisa, kama wengi wanavyoshauriana, ni kuondoa kinga kwenye mashine inayotunza majina na namba za simu za watu.

Ni vitu gani vitangulie kabla ya CiviCRM?

Anza na ulinzi wa mashine yenyewe. Fungua akaunti ya kawaida yenye uwezo wa `sudo` (kutekeleza amri za msimamizi), ingia kwa ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, badala ya nenosiri, kisha zuia `root`, msimamizi mkuu wa mashine, asiingie moja kwa moja. Washa ukuta wa kinga `ufw` ukiruhusu SSH, mlango wa 80 na wa 443 pekee. Ruhusu SSH kabla ya kuuwasha, la sivyo utajifungia nje ya seva yako. Sakinisha `unattended-upgrades` ili marekebisho ya usalama ya Debian yaingie yenyewe.

Kisha weka saa sahihi:

`timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

au `Africa/Nairobi`, kulingana na mahali chama kilipo. Saa ya WordPress nayo iwekwe katika ukanda huohuo. Saa za PHP na za hifadhidata zikitofautiana, ukurasa wa hali ya mfumo utatoa onyo, na ukumbusho wa ada utatoka saa ambazo hukuzipanga.

Programu zinazohitajika huja kwa amri moja:

`apt install apache2 mariadb-server libapache2-mod-php php-cli php-mysql php-xml php-mbstring php-curl php-intl php-gd php-zip php-bcmath php-soap unzip`

Katika mipangilio ya PHP, panua `memory_limit` hadi 256M. Kumbuka kwamba PHP ya mstari wa amri na PHP ya Apache (programu ya seva ya wavuti) zina mafaili tofauti ya mipangilio kwenye Debian, moja chini ya folda ya `cli` na jingine chini ya `apache2`, na kuhariri moja hakubadilishi jingine.

Cheti cha HTTPS kipatikane kabla ya jina la mwanachama hata mmoja kuingizwa. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, na programu ya `certbot` kwenye Debian hujipangia yenyewe kuvihuisha kabla ya siku 90 kwisha.

Hifadhidata iandaliwe namna gani?

Ipe CiviCRM hifadhidata yake, tofauti na ile ya WordPress. Mfumo unakubali kuchanganya zote mbili, lakini zikitengana unaweza kurejesha daftari la wanachama bila kugusa kurasa za tovuti. Ndani ya MariaDB:

`CREATE DATABASE uanachama CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;`

`CREATE USER 'daftari'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu';`

`GRANT ALL PRIVILEGES ON uanachama.* TO 'daftari'@'localhost';`

Ruhusa zote kwenye hifadhidata hii moja ni za lazima, kwa sababu CiviCRM huunda majedwali ya muda na vifyatuzi vinavyofanya kazi ndani ya hifadhidata kila rekodi inapobadilika. Ukitumia MySQL 8 badala ya MariaDB, unaweza kukutana na kosa linalodai mamlaka ya `SUPER` wakati vifyatuzi vinaundwa, kwa kuwa MySQL 8 huwasha kumbukumbu za `binlog` yenyewe; kuweka `log_bin_trust_function_creators=1` kunaliondoa. Usiufungue mlango wa 3306 kwa intaneti kwa sababu yoyote ile. Debian huiacha MariaDB isikilize `127.0.0.1` tu, na hapo ndipo inapostahili kubaki.

Usakinishaji wenyewe unafanyikaje?

WordPress ikishawaka na kufunguka kwa HTTPS, pakua CiviCRM ya WordPress kutoka tovuti ya mradi wenyewe, civicrm.org, kisha uifungue ndani ya `wp-content/plugins`. Iwashe kama programu-jalizi nyingine, na ukurasa wa usakinishaji utatokea. Ukurasa huo hukagua mahitaji na kuonyesha hifadhidata itakayotumika. Hapo hakikisha umeielekeza kwenye hifadhidata mpya, kwani bila kubadilisha itachukua ile ya WordPress. Chagua sehemu unazozihitaji kweli: uanachama, michango na barua pepe zinatosha kuanzia, nyingine zinaweza kuwashwa baadaye.

Wanaopendelea mstari wa amri wasakinishe chombo kiitwacho `cv`, kinachopatikana kama faili moja kutoka `download.civicrm.org/cv/cv.phar`. Kiweke kwenye `/usr/local/bin/cv` na ukipe ruhusa ya kutekelezwa. Hata ukisakinisha kwa kivinjari, `cv` utaihitaji kwa kazi za ratiba na za kupandisha matoleo, kwa hiyo usiiruke.

Mwishoni mfumo huandika faili liitwalo `civicrm.settings.php` chini ya `wp-content/uploads/civicrm`. Faili hilo lina nenosiri la hifadhidata na funguo kadhaa za siri, ikiwamo `CIVICRM_CRED_KEYS` inayofumba manenosiri yaliyohifadhiwa ndani ya mfumo. Ondoa ruhusa ya kuliandika, na nakala yake ihifadhiwe mahali salama nje ya seva. Funguo hizo zikipotea, nenosiri la barua pepe lililofumbwa kwa funguo hizo halifumbuliki tena na itabidi uliingize upya.

Kwa nini mfumo unaonya kwamba folda zake zinasomeka hadharani?

Onyo hili lishughulikiwe siku hiyohiyo. CiviCRM hutunza viambatisho, mafaili ya kumbukumbu na kurasa zilizotafsiriwa (yaani violezo vilivyogeuzwa kuwa msimbo wa PHP) katika folda za `upload`, `ConfigAndLog`, `custom` na `templates_c`, zote zikiwa chini ya folda ya wavuti. Ndani yake huweka mafaili ya `.htaccess` yanayoiambia Apache izuie wageni. Debian, hata hivyo, huweka `AllowOverride None` kwa `/var/www`, maana yake Apache haiyasomi mafaili hayo. Matokeo yake ni kwamba barua ya maombi aliyoiambatisha mwanachama inaweza kusomwa na mtu yeyote anayekisia anwani yake.

Katika mpangilio wa tovuti yako weka `AllowOverride All` kwa folda ya tovuti, washa moduli kwa `a2enmod rewrite`, kisha uiwashe Apache upya. Anayetumia nginx, seva nyingine ya wavuti, ajue kwamba nginx haisomi `.htaccess` kamwe, kwa hiyo sharti aandike mwenyewe vizuizi vya folda hizo katika mpangilio wake. Usiridhike na kutoweka kwa onyo. Weka faili la majaribio ndani ya `upload`, lifungue kwa kivinjari ambacho hakijaingia kwenye mfumo, na uone kwa macho kwamba umekataliwa.

Uanachama wa watu umekwisha lakini mfumo bado unawaonyesha kuwa hai. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni kazi za ratiba. CiviCRM haibadilishi hali ya mwanachama kwa kupita kwa tarehe peke yake; iko kazi maalumu inayopitia rekodi zote na kuzisasisha, na kazi hiyo inahitaji kuamshwa na `cron`, kipanga-kazi cha seva. Tengeneza faili ndani ya `/etc/cron.d` lenye mstari kama huu:

`*/15 * * * * www-data /usr/local/bin/cv api3 job.execute --user=mratibu --cwd=/var/www/uanachama`

Hapo `mratibu` ni mtumiaji wa WordPress uliyemfungua kwa kazi hiyo pekee, mwenye ruhusa zinazohitajika na si zaidi. Baada ya hapo ingia kwenye orodha ya kazi za ratiba ndani ya CiviCRM, kwa sababu kwenye usakinishaji mpya nyingi kati yake zimezimwa. Washa kwanza ile ya kusasisha hali za uanachama. Ya kutuma ukumbusho iache izimwe hadi uthibitishe kwamba tarehe zote ulizoingiza ni sahihi. Orodha yenye tarehe za makosa ikikutana na kazi hiyo, wanachama watiifu wataambiwa wanadaiwa, na heshima ya daftari jipya itakuwa imeharibika kabla halijaanza kutumika.

Aina za uanachama na vipindi vyake vipangwe vipi?

Kaa na katiba ya chama mezani kabla ya kugusa ukurasa wa mipangilio. CiviCRM inatambua vipindi vya namna mbili. Kipindi kinachoviringika huanza siku mtu anapojiunga, na mwaka wake huisha kwa tarehe yake mwenyewe. Kipindi maalumu humfanya kila mtu aanze na kuisha tarehe moja, kwa mfano 1 Januari hadi 31 Desemba, na hapo kuna mpangilio wa ziada ambao vyama vingi huuhitaji bila kuujua: tarehe ambayo baada yake anayejiunga huhesabiwa hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Ukiiweka kuwa 1 Oktoba, mtu anayelipa Novemba hatatakiwa kulipa tena baada ya wiki chache.

Hali za uanachama zinazokuja na mfumo huhesabu miezi mitatu ya kwanza kuwa upya, kisha uanachama hai hadi tarehe ya mwisho, kisha mwezi mmoja wa hisani, halafu kwisha. Katiba nyingi husema mambo mengine. Kama katiba inatoa miezi mitatu ya kulipa kabla ya jina kuondolewa, badilisha kanuni ya hali ya hisani iwe miezi mitatu. Na kama haki ya kupiga kura hukoma siku ada inapokwisha, basi hali ya hisani isihesabiwe kuwa uanachama hai. Hili ni jambo la kikatiba lililovaa sura ya kisanduku cha kutia alama, na si sahihi fundi aliamue peke yake. Lipelekwe kwenye kamati na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Tunawezaje kuingiza wanachama waliopo kwenye Excel?

Hapa ndipo muda mwingi utakapokwenda, na unastahili kwenda. Hifadhi orodha kwa muundo wa CSV wenye usimbaji wa UTF-8, kisha isafishe kabla haijaigusa seva.

Tatizo la kwanza ni namba za simu. Excel huichukulia 0712 kama hesabu na kuitupa sifuri ya mbele, hivyo namba hubaki na tarakimu tisa. Geuza zote ziwe katika muundo mmoja wa kimataifa, zikianza na +255 au +254, na uipe safu hiyo muundo wa maandishi.

Tatizo la pili ni utambulisho. Kanuni ya kawaida ambayo CiviCRM huitumia kutambua rekodi zinazojirudia wakati wa kuingiza hutegemea barua pepe. Katika vyama vyetu wapo wengi wasio na barua pepe, na wapo wanaotumia moja kwa familia nzima. Majina nayo hayatoshi: chama chenye watu mia tano kinaweza kuwa na Asha Juma watatu, na Juma mmoja aliyeandikwa kwa majina mawili mwaka huu na matatu mwaka uliopita. Tumia sehemu ya kitambulisho cha nje kwa ajili ya namba ya uanachama ya chama, kwani sehemu hiyo hairuhusu thamani kujirudia, na kila uingizaji unaofuata uoanishwe kwa namba hiyo. Chama kisicho na namba za uanachama kizitoe kwanza, hata kama kazi hiyo itachelewesha mambo kwa mwezi mzima.

Ingiza watu kwanza, uanachama wao baadaye, na malipo mwisho. Anza na safu ishirini, zikague moja moja, ndipo uendelee.

Malipo ya M-Pesa na huduma nyingine za simu yanaingiaje?

Njia iliyo salama kuanzia nayo ni kuyaandika kwa mkono. Ongeza M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo katika orodha ya njia za malipo, weka shilingi kuwa sarafu ya mfumo, na mhazini aandike kila malipo pamoja na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa uthibitisho. Sehemu ya namba ya muamala katika CiviCRM hairuhusu kurudiwa, hivyo ujumbe uleule ukiletwa mara mbili, kwa bahati mbaya au kwa hila, mfumo utaukataa. Ni kinga ambayo daftari la karatasi halina.

Lipo jambo moja la kuamua mapema. Mtu mmoja akiwalipia watu wanne kwa muamala mmoja, namba hiyo haiwezi kuandikwa kwenye malipo manne. Baadhi ya wahazini huongeza herufi mwishoni mwa namba, A hadi D. Wengine huandika malipo mamoja ya mlipaji na kuyaeleza. Utaratibu wowote unafaa ilimradi ni mmoja na umeandikwa mahali mkaguzi wa hesabu atakapouona. Kuunganisha mfumo moja kwa moja na mtandao wa simu kunahitaji kiendelezi kinachotunzwa na mtu anayejulikana, na mkataba na kampuni husika. Chama kiwe kwanza na miezi kadhaa ya hesabu zinazolingana kwa njia ya mkono kabla ya kufikiria hilo.

Barua pepe hazifiki au zinaangukia kwenye taka. Tufanye nini?

Usitume barua kutoka kwenye seva yenyewe. Kampuni nyingi za kukodisha seva huzuia mlango wa 25, na anwani mpya ya seva haina sifa yoyote mbele ya Gmail. Tumia huduma ya kutuma barua kupitia mlango wa 587, na kwenye kikoa cha chama weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa chama. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimekaza masharti haya kwa watumaji. Kwa barua zinazorudi, fungua sanduku la peke yake lisilosomwa na mtu, kwa sababu CiviCRM hupitia kila barua iliyomo na kuihamisha. Ikielekezwa kwenye sanduku la katibu, itazihamisha na barua zake.

Ujumbe mfupi wa simu unawezekana kupitia viendelezi vya watoa huduma wa SMS.

Nakala rudufu zichukuliwe vipi?

Vitu vitatu vichukuliwe pamoja: hifadhidata zote mbili, folda nzima ya `wp-content`, na mafaili ya mipangilio. Kwa hifadhidata:

`mysqldump --single-transaction --routines --triggers uanachama | gzip > uanachama.sql.gz`

Fumba nakala kwa `gpg` kabla haijatoka kwenye seva, ipeleke mahali ambapo mtu aliyeivamia seva hawezi kuifuta, na ufunguo wa kufumbua uwe mikononi mwa viongozi wawili. Nakala iliyo kwenye diski ileile ya seva itaungua pamoja nayo.

Kila baada ya miezi michache irejeshe nakala kwenye mashine nyingine na uhesabu kama idadi ya wanachama inalingana. Kabla ya kufungua mfumo wa majaribio, ongeza mstari huu kwenye `civicrm.settings.php` ya mashine hiyo:

`$civicrm_setting['domain']['environment'] = 'Staging';`

Mstari huu huzuia barua na kazi za ratiba. Bila huo, nakala ya majaribio inaweza kuwatumia wanachama halisi ukumbusho kwa mara ya pili. Urejeshaji ukigoma kwa kosa linalotaja `DEFINER`, sababu ni kwamba vifyatuzi vinabeba jina la mtumiaji wa hifadhidata ya zamani. Tumia jina lilelile kwenye mashine mpya, au acha vifyatuzi nje ya nakala na uiache CiviCRM ivijenge upya.

Sheria zinasemaje kuhusu taarifa za wanachama?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inayosajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa. Sheria hiyo inaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, kwa hiyo kukodi seva Ulaya kwa sababu ni rahisi ni uamuzi unaohitaji ushauri wa kisheria. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, inayomtaka mtunza data kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji wenye hatari. Kwa upande wa mfumo, usikusanye usichokihitaji. Namba ya kitambulisho cha taifa, dini na hali ya afya visiwe na nafasi kwenye fomu kama katiba ya chama haivitaji.

Matoleo mapya yapandishwe mara ngapi?

CiviCRM hutoa toleo kila mwezi, na lipo pia tawi la muda mrefu kwa wanaotaka mabadiliko machache. WordPress haitaipandisha yenyewe. Chukua nakala rudufu, futa folda ya zamani ya `civicrm` ndani ya `plugins`, weka mpya, kisha endesha `cv upgrade:db` ukiwa ndani ya folda ya tovuti. Kufungua toleo jipya juu ya la zamani huacha mafaili yaliyokwisha kuondolewa na wasanidi, na mafaili hayo huleta makosa yasiyoeleweka. Matangazo ya usalama yasisubiri kikao cha kamati.

Ukurasa umekuwa mweupe mtupu. Nianzie wapi?

Soma kwanza `/var/log/apache2/error.log`, kisha faili la karibuni zaidi ndani ya `wp-content/uploads/civicrm/ConfigAndLog`. Kosa la kumbukumbu kuisha hujieleza lenyewe, na `df -h` itakuambia kama diski imejaa. Kama umetoka kupandisha toleo au kuhamisha seva, endesha `cv flush` ili kufuta kurasa zilizotafsiriwa zamani. Ukiiendesha kama `root`, mafaili mapya ndani ya `templates_c` yatamilikiwa na `root` na Apache haitaweza kuyagusa; kwa hiyo endesha `sudo -u www-data cv flush`, na kama kosa limeshafanyika, rudisha umiliki wa folda hiyo kwa `chown -R www-data:www-data`.